Upana wa Punda Wawili

Kiangazi kilichopita mimi, mume wangu na watoto wetu wawili tulikodi gari-nyumba hapa Hamburg tukaelekea kaskazini, Norwe, kwa wiki tatu. Nimerudi na jambo moja ambalo halinitoki, na nataka kuwaambia watu wa kwetu Amu, yaani Lamu, Kenya, hasa wale wenye ardhi upande wa bahari. Naomba mnivumilie, maana nitaanza mbali.

Gari-nyumba, kwa asiyelijua, ni gari lenye vitanda, jiko la gesi, friji, choo na tangi la maji. Letu lilikuwa la tani tatu na nusu, kwa kuwa leseni ya kawaida ya Ulaya haikuruhusu kuendesha zaidi ya hapo, kwa hiyo kila kitu kilihesabiwa uzito: watu, maji, mchele, hata mbuzi ya kukunia nazi ambayo nilikataa kuiacha nyumbani. Mume wangu ni mtu wa Pate, kisiwa jirani na Amu. Alipoingia ndani mara ya kwanza aligusa kuta, akachungulia chini ya kitanda, akasema, "Hili ni jahazi."

Alisema kweli. Wazee wetu waliishi hivi hivi baharini: moto wa kupikia uko juu ya mchanga ndani ya sanduku, mkeka unakunjwa asubuhi, na nahodha anajua kila kata ya maji imekwenda wapi. Tangi letu lilichukua kama lita mia moja. Watu wanne waoge, watawadhe, wapike, waoshe vyombo. Siku ya kwanza yalikwisha kabla ya magharibi. Siku ya pili nikafunga bomba na kuwapa watoto kikombe cha kuchotea. Marehemu bibi yangu wa mtaa wa Langoni, Amu, alikuwa na birika la chokaa chooni, lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na kila nilipochota kwa pupa alinikemea, "Usimwaye mai, mwanangu." Nimelisema neno hilo hilo, kwa Kiamu hicho hicho, nikiwa Norwe, na wanangu waliozaliwa Ujerumani wakalielewa bila tafsiri.

Tulivuka kwa meli kutoka Hirtshals, Denmark, tukashukia Kristiansand. Siku za mwanzo sina mengi ya kuzisimulia, zilikuwa barabara, mahandaki na mvua. Safari yenyewe naihesabu kuanzia mji wa Steinkjer, ambako barabara namba 17 inaanza kufuata pwani kwenda Bodø. Ni zaidi ya kilomita mia sita, na inakatwa na bahari mara sita, kila mara gari linapanda feri. Visiwa ni vingi kiasi kwamba hujui lini umeondoka bara. Katika feri ya Kilboghamn kwenda Jektvik unavuka mstari wa Aktiki, ambao kaskazini yake kuna siku za kiangazi jua halizami, na ng'ambo kuna sanamu ya tufe la dunia kuwaonyesha abiria. Watu wote walikuwa wanapiga picha. Mimi nilikuwa nawatazama mabaharia wakifunga kamba, na mama mmoja mwenye vikapu vya sokoni aliyekuwa amezoea njia hiyo hata hainui macho, nikajiona niko gati ya Mokowe nangoja boti ya kuvukia Amu.

Karibu na Bodø kuna mlango wa bahari uitwao Saltstraumen. Kila baada ya saa sita maji yanageuka na kupita pale kwa nguvu mpaka yanachimba mashimo yanayozunguka. Mume wangu alisimama darajani saa nzima. Mtu aliyekua akingoja maji yajae ndipo apite mkondo wa Mkanda kwetu Amu hahitaji kuelezwa kupwa na kujaa ni nini.

Basi mambo yaliyonigusa ni mawili, na yote yanahusu kupita.

La kwanza lilitokea siku ya sita au ya saba. Watoto walikuwa wameona ufuo mweupe ng'ambo ya malisho ya kondoo. Kati yetu na bahari kulikuwa na uzio, lango la mbao na njia nyembamba yenye alama. Ndani ya malisho mzee mmoja anatengeneza nguzo. Nikamwambia mume wangu aende akaombe ruhusa. Yule mzee akainua mkono kidogo, kama mtu anayefukuza nzi, akarudi kwenye nyundo yake. Tulifungua lango, tukalifunga nyuma yetu ili kondoo wasitoke, tukapita. Hakutuuliza tunatoka wapi, wala hakutukaribisha. Nilikasirika, nasema kweli. Kwetu mgeni hapiti mlangoni pako ukamfanya hayupo.

Usiku nikasoma. Norwe ina sheria ya mwaka 1957 inayohusu maisha ya nje, na sheria hiyo iliandika desturi iliyokuwa ya zamani zaidi: kila mtu ana haki ya kutembea katika ardhi isiyolimwa, hata kama ina mwenyewe, kuogelea, kuchuma matunda ya porini, na kupiga hema mita 150 kutoka nyumba ya watu, kwa siku mbili bila kumwomba mtu. Pia sheria yao ya mipango ya ardhi inakataza kwa jumla kujenga ndani ya mita 100 kutoka baharini. Wapo wanaopewa ruhusa ya pekee, na nilielezwa kuwa ugomvi juu ya ruhusa hizo hauishi. Lakini msingi ni huo, kwamba bahari haizibwi. Ndipo nikamwelewa yule mzee. Hakutukaribisha kwa sababu hakuwa na cha kutukaribishia. Njia haikuwa yake kuitoa.

La pili lilitokea mwaka mmoja kabla, nyumbani. Tulikuja Agosti, nikawachukua watoto kuwaonyesha ujia tuliokuwa tunashukia baharini tulipokuwa wadogo, upande wa kijiji cha Shela. Nusu ya ujia ipo. Nusu nyingine imemezwa na ukuta wa nyumba kubwa, na mwisho wa ukuta kuna mlango na mlinzi. Kijana mwenyewe nilimjua, mama yake tulisoma naye chuoni, madrasa. Alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo mama," akatazama nyuma yake, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Piteni, lakini upesi. Mwenyewe hayupo leo."

Tulipita upesi. Nilimshukuru sana, nikamwombea dua, na nilipofika kwenye mchanga nilikuwa natetemeka. Mwanangu wa miaka tisa akaniuliza kwa nini tumemshukuru yule kaka, kwani bahari ni ya kwake? Sikumjibu.

Jibu lipo katika Katiba yetu ya 2010. Kifungu cha 62 kinaitaja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Kwa hiyo mchanga ule tuliosimama ulikuwa wetu sote, mimi, mlinzi, na mwenye nyumba. Lakini mali ya umma isiyofikika ni ya nani? Mvuvi atafika kwa mashua, mwenye hoteli atafika kwa ngazi zake, na mwanamke wa Langoni mwenye watoto atafika siku ambayo mwenyewe hayupo.

Najua nitaambiwa nini, kwa sababu nimeshaambiwa na jamaa zangu kwenye simu. Kwamba Wazungu wana sheria kwa kuwa hawana utu. Kwamba kwetu mtu hahitaji kifungu, anahitaji kubisha hodi tu. Nimelifikiria sana neno hilo, na sikubaliani nalo. Utu wetu naujua, nimelelewa nao. Nimeishi ugenini miaka kumi na minne, na hakuna siku ambayo sijaukosa. Katika wiki zile tatu hakuna mtu hata mmoja aliyetuuliza kama tumekula. Usiku mmoja tulilala mahali palipopanuliwa kando ya barabara, hatukujua kuwa ni pa magari kupishana, na mtu akaja kugonga dirisha saa tano, jua likiwa bado liko juu, akatuamuru tuondoke bila hata kusema habari zenu. Lakini mtu akikukirimia umekuwa na deni lake. Anaweza kukupitisha leo na kukufungia kesho, na huna la kusema kwa kuwa ulipita kwa hisani. Ukarimu ni wa mwenye nyumba, unaanzia mlangoni kwake kwenda ndani. Hauwezi kuachiwa kazi ya kulinda njia ya watu wote.

Na nani kasema kwamba haki ya mpita njia ni jambo la kizungu? Tembeeni mjini Amu mtazame. Nyumba za mawe zina daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, na dakani kuna viti vya mawe kwa ajili ya yeyote anayepita. Misikiti ina birika za kutawadhia, na mtu aliyetoka safari huosha miguu bila kuulizwa kabila wala ukoo. Waliochimba visima wakaviweka wakfu walijua wanachofanya. Wakfu hauuzwi, haurithiwi, haurudi kwa mtoaji akikasirika. Mtu alikuwa anaitoa mali yake mikononi mwake kabisa ili mpita njia asiwe ombaomba. Wazee wetu walilitambua jambo hili bila kungoja sheria ya 1957. Sisi ndio tumelisahau, tena katika mji ambao UNESCO iliuandika kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001 kwa sababu ya hao hao wazee.

Wala si njia ya kwenda kuogelea tu. Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyotunza maji matamu ya mji. Anayejenga na kuziba pale anagusa ndoo ya mtu asiyemjua. Na wavuvi wetu ilibidi wafike Mahakama Kuu, na mwaka 2018 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya, ndipo ikaandikwa kwamba bahari ile ilikuwa na watu wanaoitegemea. Watu waliovua pale tangu mababu.

Nataka kusema pia habari ya vyoo, na asitokee wa kunicheka. Mwanamke akisafiri kwa basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, baada ya Malindi anaacha kunywa maji. Garsen, Witu, vizuizini tunashuka kuonyesha vitambulisho, tunapanda tena, na haja inangoja. Nimeona bibi mtu mzima akisindikizwa vichakani na mjukuu aliyemshikia leso. Norwe, kwenye barabara ile ile ya 17, mahali paitwapo Ureddplassen, wamejenga choo cha umma mwaka 2018 chenye paa la zege lililopinda kama wimbi, mbele yake ngazi za kukalia watu watazame bahari. Ni choo, na hakuna anayekulipisha kuingia. Kandokando ya barabara kuna vituo vya kumwagia choo cha gari na kujazia maji. Nilipokuwa najaza tangi pale sikuwa mgeni wa mtu, na sikuwa mzigo wa mtu. Sisemi tujenge wimbi la zege Witu. Nasema bomba, choo chenye mlango, na mtu anayelipwa kukisafisha.

Kule nako haki inachezewa. Visiwa vya Lofoten vimefurika magari kama letu mpaka mabango ya kukataza kulala yamejaa kwenye maegesho, na wenyeji wana haki ya kulalamika, kwa kuwa wapo wanaoacha uchafu na kuziba njia. Sheria ya hema haiwahusu wenye magari, na wengi wetu tunajifanya hatujui. Hilo halinifanyi nione sheria ni mbaya. Linanifanya nione kwamba kitu cha wote kina kazi, na kazi hiyo lazima iwe na mtu wa kuifanya.

Sasa nije kwenye linalonihusu mwenyewe. Marehemu baba alituachia kiwanja nyuma ya Shela, si kikubwa, lakini kinagusa mchanga. Kwa Kadhi tuligawanyiwa, na mimi nina fungu langu. Kaka zangu wamepata mnunuzi mwenye bei nzuri, anataka kujenga ukuta kutoka pembe moja hadi nyingine. Katikati ya kiwanja kuna njia. Haimo kwenye ramani. Wanapita wachuuzi, watoto wa chuo na punda wa mchanga, na baba hakuwahi kumzuia mtu.

Niliwaandikia tukiwa bado safarini, gari limeegeshwa kando ya bahari na watoto wamelala na mapazia yamefungwa kuzuia jua la usiku. Niliwaambia sitatia saini mpaka njia ile ikatwe kwenye ramani, itolewe wakfu, na iandikishwe kwa jina lisilo la ukoo wetu. Kaka mkubwa alinyamaza siku tisa. Kisha akaniuliza neno moja tu: upana gani? Nikamjibu kwa kipimo ambacho kila mtu wa Amu anakielewa, punda wawili wenye mizigo wakikutana, kila mmoja apite.

Wiki iliyopita alinitumia picha. Amesimama mchangani na kamba mkononi, ncha nyingine ameishika mtoto wake, na katikati wamesimama punda wawili wenye matumbawe ya kujengea, mmoja anatazama mjini na mwingine anatazama baharini. Mnunuzi bado hajajibu.