Kujua nani atasalimika hakuui hamu
Mwandishi wa makala moja anadai kuwa riwaya za Homeland, tamthilia ya kijasusi ya televisheni ya Marekani, zinazosimulia mambo ya kabla ya tamthilia hiyo hazina taharuki, kwa kuwa tunajua tangu mwanzo kwamba Carrie, jasusi wa CIA (shirika la ujasusi la Marekani), atasalimika. Sikubaliani naye. Katika Carrie's Run ya Andrew Kaplan, iliyotoka mwaka 2013, Carrie anaponea chupuchupu kwenye mtego jijini Beirut, na kinachomshika msomaji si uhai wake bali ni nani aliyevujisha siri, na atawafichaje wakubwa wa CIA ugonjwa wake wa akili wa baipola, jambo ambalo kamera (namheshimu sana Claire Danes, aliyemwigiza Carrie) hulionyesha kwa nje tu. Penye kasoro ni kwa Abu Nazir, kiongozi wa magaidi anayesakwa na Carrie: tamthilia inamhitaji hai, hivyo msako dhidi yake katika riwaya ya pili, Saul's Game, lazima ugonge mwamba. Je, mliosoma riwaya zote mbili, hilo halikuwachosha?