Sheria ililinda jina la meskali, ikamsahau mpikaji

Wewe usiyekunywa pombe usikimbie. Meskali ni pombe kali ya Mexico inayotokana na mmea wa agavi, lakini hapa nazungumzia mmea, moto na karatasi za serikali kuliko ulevi.

Watu wa Tanga wanaijua familia ya mmea huu hata kama neno meskali hawajawahi kulisikia. Mkonge ni aina ya agavi, na asili yake ni Mexico. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, na ni miche 62 tu iliyonusurika safari. Kwetu mali ni majani. Kwa ndugu zake wa Oaxaca, kusini mwa Mexico, majani hufyekwa yakatupwa, kinachotafutwa ni moyo wa mmea, ule uliojaa sukari. Hukatwa kabla mmea haujatoa maua, kwa sababu agavi huchanua mara moja tu, kisha hufa.

Wapikaji wa vijijini huchimba shimo, huwasha kuni humo na kupanga mawe juu yake mpaka yashike moto sawasawa. Mioyo ya agavi huwekwa juu ya mawe, ikafunikwa kwa makapi, mikeka na udongo, ikaachwa siku tatu mpaka tano. Ile ladha ya moshi inatoka humo shimoni. Baadaye mioyo hupondwa kwa jiwe kubwa la duara linalokokotwa na farasi au nyumbu, au kwa marungu ya mbao, kazi ya kuvunja mgongo. Huchachia kwenye mapipa ya mbao yaliyo wazi. Hamira hainunuliwi, ni ile iliyomo hewani na kwenye mbao zenyewe. Kisha hukenekwa mara mbili, kwa mtambo wa shaba au, kama wafanyavyo Santa Catarina Minas, kwa vyungu vya udongo.

Kinachonivutia zaidi ni namna ya kupima ukali. Fundi hufyonza pombe kwa mwanzi, akaiachia imiminike kwenye kibuyu kidogo, akatazama mapovu. Yakijipanga ukingoni na kukawia, ukali uko karibu asilimia 50. Yakipasuka mara moja, ama imezidi ama imepungua, naye huchanganya iliyotoka mwanzo na iliyotoka mwisho mpaka mapovu yatulie. Jicho hilo hufundishwa na baba au mjomba kwa miaka mingi.

Sasa malalamiko yangu. Tangu 1994 jina meskali linalindwa na sheria ya Mexico: ukiwa nje ya majimbo yaliyotajwa, huruhusiwi kuliandika. Kanuni mpya iliyotungwa 2016 ikaigawa pombe hiyo katika madaraja matatu. Lile la jadi kabisa linataka shimo na vyungu. Lile la chini linaruhusu mitambo ya kisasa na minara ya kukenekea ya chuma cha pua. Mgawanyo huo naukubali, maana mnunuzi anajua analipia nini. Tatizo ni kwamba hata kulitumia jina lenyewe kunahitaji cheti, vipimo vya maabara na ada. Mwenye kiwanda analipa bila kuhema. Familia inayopika mapipa machache kwa mwaka inashindwa, inaishia kuuza kazi yake kama “pombe kali ya agavi”. Yaani mjukuu wa wapikaji hana ruhusa ya kuitaja kwa jina, na mwenye mnara wa chuma anayo!

Najua jibu litakalokuja: bila ukaguzi watu watauziwa sumu. Ni kweli, pombe kali isiyopimwa inaua, kwetu tumezika watu. Basi ipimwe pombe, tena kwa gharama ambayo kijiji kinaweza kuchangia kupitia ushirika. Kenya iliihalalisha chang'aa mwaka 2010, kwa masharti ya leseni na chupa za glasi zisizopungua mililita 250. Mama anayepikia nyuma ya nyumba atazitoa wapi?

Wala sitaki kuwafanya wapikaji wadogo malaika. Shimo hula kuni nyingi. Aina ya agavi iitwayo tobalá, inayotaka miaka kumi au zaidi kukomaa, imekuwa ikichimbwa milimani kuliko inavyoota. Aina nyingine, tepeztate, huweza kufika miaka 25, umri wa kijana aliyekwisha maliza chuo, halafu mtu analalamika chupa ni ghali. Mimi naona bei ya tepeztate bado haijapanda vya kutosha, mradi nyongeza iende kwa aliyechimba shimo badala ya mwenye lebo.

Ukiikuta dukani, geuza chupa. Tafuta jina la kijiji, la fundi, aina ya agavi, na kiwango cha ukali. Meskali nyingi za vijijini huwa kati ya asilimia 45 na 55. Iliyoshushwa hadi 38 mara nyingi imeongezwa maji ili chupa ziwe nyingi. Na kama lebo ina picha ya punda na neno “asilia” bila jina la mtu yeyote, irudishe rafuni.