Tumuache mwanafunzi amalize sentensi yake

Kitu kinachoniuma sana kwenye kazi ya kufundisha sekondari, kuliko hata matokeo mabaya, ni kumwona kijana wa miaka 16 anayelijua jibu kabisa lakini akisimama linamkwama. Ukimfuata pembeni baada ya kipindi anakueleza vizuri tu na mifano juu, ila mbele za wenzake anaangalia dawati, anasema "sijui mwalimu" anakaa. Na sisi tunasema huyu mpole, yule mwoga, somo linaendelea. Miaka minne inapita hivyohivyo, anamaliza shule hajawahi kuongea darasani kwa dakika moja mfululizo, alafu tunashangaa akienda kwenye intavyuu ananyamaza.

Siku moja nilirekodi kipindi changu kwa simu, nilitaka tu kusikia kama naongea haraka. Nilichosikia kilininyima usingizi. Nauliza swali, hata pumzi sijashusha, nalijibu mwenyewe au namrukia yule yule anayenyoosha mkono kila siku. Mtoto akisema maneno matatu namkatiza, "ndiyo, vizuri, kwa hiyo…" namalizia mimi. Kwa kipindi kizima karibu sauti yote ni yangu!

Baadaye ndo nikaja kusoma kwamba sio mimi peke yangu. Mtafiti mmoja Mmarekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alisikiliza rekodi nyingi sana za masomo ya sayansi akakuta walimu wengi wakiuliza swali wanasubiri kama sekunde 1 tu. Walipojizoesha kusubiri 3 au zaidi majibu yakawa marefu, wanafunzi wasiozoea kuongea wakaanza kuongea, na zile "sijui" zikapungua. Na alisema kuna sehemu mbili za kusubiri, moja baada ya swali na nyingine baada ya mwanafunzi kujibu, na hii ya pili ndo wengi hatuifikirii kabisa.

Nikaijaribu. Jamani sekunde 3 za ukimya darasani ni ndefu! Nilimuuliza binti mmoja kwa nini barafu inaelea juu ya maji, akasema "kwa sababu ni nyepesi", akaishia hapo. Zamani ningesema sawa, kaa. Safari hii nikanyamaza, namwangalia tu kwa utulivu. Akapepesa macho, akaanza tena, "yaani… sio kwamba uzito umebadilika, maji ni yale yale, ila yakiganda yanatanuka, kwa hiyo uzito ule ule umeenea kwenye nafasi kubwa zaidi". Hiyo ndo densiti yenyewe, kaifikisha kwa maneno yake bila kukariri. Na ile nusu ya pili ya jibu, ambayo ndo jibu lenyewe, mimi nimekuwa nikiikata kwa miaka.

Kusubiri peke yake hakutoshi lakini, kwa sababu kuna suala la aibu na umri huu aibu ni mzigo kweli kweli. Mwanasaikolojia David Elkind aliandika mwaka 1967 kwamba kijana wa rika hili anaishi kama yuko mbele ya hadhira ya kufikirika, anahisi kila mtu anamtazama yeye, kila kosa lake limeonekana. Sasa mtu wa hivyo akichekwa mara moja kwa kutamka neno vibaya, usitegemee atanyoosha mkono tena. Kwa hiyo kwangu kucheka kosa la mwenzako ni marufuku, na hapo silegezi hata kidogo.

Mwanafunzi asipelekwe moja kwa moja mbele ya watu 50. Aanze na mtu mmoja. Frank Lyman, naye Mmarekani, aliieleza njia hii mwaka 1981 na ni rahisi mno: fikiri peke yako kwanza, ongea na jirani yako, ndo mje mbele ya wote. Mimi nimeongezea sharti moja, unapokuja mbele unaeleza wazo la jirani yako, sio lako. Hapo lazima umsikilize, huwezi kukaa unasubiri zamu yako ya kuongea. Maana tunafundisha kuongea tu, kusikiliza tunakuchukulia kama kunakuja kwenyewe.

Midahalo mikubwa naipenda, sitaki ife, ila tuseme ukweli inawanufaisha wale wale wanne au watano waliokuja tayari na mdomo mwepesi, wengine wote wamekaa wanapiga makofi. Na simu sioni kama adui, kijana anayemtumia mwenzake meseji ya sauti ya dakika tatu kueleza walivyogombana ana uwezo wa kusimulia, tatizo hatujampa sababu ya kuutumia darasani.

Nina kijana anakaa dawati la nyuma kabisa, muhula mzima sikuwahi kumsikia sauti. Juzi jirani yake alisimama kuleta wazo lao kuhusu kutu, akasema "mwenzangu anasema chuma kinapata kutu kwa sababu ya maji". Nikanyamaza kama kawaida yangu siku hizi. Moja, mbili, tatu… Kule nyuma kiti kikasogea, yule kijana akasimama mwenyewe bila kuitwa, "Hapana, sijasema hivyo, nimesema maji na hewa, vyote viwili, kimoja peke yake hakitoshi." Akamgeukia jirani yake akaanza kumweleza upya, taratibu, na darasa zima likageuza viti kumsikiliza.