Maktaba imo mfukoni, mtoto akae wapi?

Wiki iliyopita barazani kwetu hapa Wete alipita kijana mmoja kutoka mjini Unguja, mtu wa kompyuta, amekuja Pemba kwa harusi. Mazungumzo yalianzia kwenye bei ya karafuu, yakapita kwenye mpira, na sijui yalipindia wapi hata yakafika kwenye maktaba. Mzee mmoja akalalamika kwamba Wete nzima hakuna pahala pa maana mtoto akakaa akasoma. Yule kijana akatoa simu mfukoni, akaipiga kidole mara mbili. "Hii hapa maktaba, mzee wangu. Humu mna vitabu kuliko majengo yote ya Zanzibar ukiyajumlisha. Pesa za kujengea kuta, wapeni watoto bando."

Watu wakacheka, wakamkubali. Mimi sikusema kitu. Majibu yangu huja nikishafika nyumbani, nimeshavua viatu, na baraza imeshavunjika. Kwa hiyo namjibu hapa.

Nianze kwa kumpa haki yake. Nilipokuwa kidato cha pili, kitabu kimoja cha Baiolojia tulikisoma watu sita. Kilikaa katikati ya meza, wawili mbele yake, wawili ubavuni, na wawili upande wa pili wakisoma juu chini. Mimi nilikuwa wa upande wa pili. Hadi leo naweza kusoma gazeti la mtu aliyekaa mbele yangu kwenye gari, na yeye mwenyewe asijue. Sasa Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, vitabu vya kiada vimo mule, mtoto wa Micheweni anafungua kitabu kile kile anachofungua mtoto wa Dodoma. Mtu akiniambia hilo ni jambo dogo, nitamwita aje akae upande wa pili wa meza.

Lakini hebu njoo umuone mpwa wangu anavyosoma hicho kitabu.

Yuko kidato cha tatu. Simu ni ya mama yake, kioo kimepasuka kona ya juu kulia, na ule ufa unapita juu ya kila mchoro anaoufungua. Simu anaipata baada ya Isha, mama akishamaliza mambo yake. Msimu wa karafuu, saa hiyo ndiyo familia nzima iko ukumbini inachambua: karafuu huku, makonyo, yaani vile vijiti vyake, huku, jamvi limetandikwa ukuta hadi ukuta. Hapana pa kuweka daftari. Taa ni moja, iko juu ya jamvi, na inayoangaziwa ni karafuu, maana ndiyo inayolipa ada. Mtoto anakaa mlangoni, mgongo kwenye fremu, anakuza ukurasa wa Kemia kwa vidole viwili, anasoma nusu mstari, anausogeza, anasoma nusu ya pili. Mara ujumbe wa kundi la upatu. Mara mwingine. Mara baba yake anapiga kutoka Maskati, na simu ya baba haikatwi. Wakishamaliza kusalimiana wote, zamu kwa zamu, pamoja na bibi aliyekwisha kulala akaamshwa, chaji imebaki asilimia tisa.

Kitabu kipo. Bando lipo pia, kwa sababu mimi ndiye niliyelinunua. Na bado mtoto hasomi.

Ndiyo maana hoja ya kijana wetu naiona imekwenda upogo. Yeye ana chumba chake, meza yake, feni, na kompyuta mpakato. Kwake yeye kilichokuwa kikikosekana kwenye maktaba ya zamani ni vitabu, na vitabu vimemfuata mfukoni, basi shughuli kwisha. Kwetu vitabu vilikuwa nusu tu ya tulichokifuata. Nusu ya pili ilikuwa meza, taa, na kimya. Hivyo vitu vitatu havipakuliki.

Na kuna jambo la nne ambalo barazani sisi wanaume hatuwezi hata kuliona, kwa sababu tumelikalia. Mimi nikichoka na nyumba natoka, nakaa barazani hadi saa nne usiku, nina simu yangu mkononi, na hapana anayeniuliza chochote. Mpwa wangu atakaa wapi? Baraza si yake. Hotelini kuna wanaume wanaangalia mpira. Akikaa kwenye ngazi za duka kupata Wi-Fi ya jirani, kabla ya Magharibi habari imeshafika kwa bibi yake, imenona njiani: yuko na simu, amekaa nje, anaandikiana na nani? Msichana wa hapa kwetu anayeangalia simu hadharani kwa saa mbili ana kesi ya kujibu. Msichana yule yule, simu ile ile, akiwa ndani ya maktaba, anasoma. Hakuna anayemuuliza, kwa sababu jengo lenyewe limeshajibu. Nilikuwa nimeishi miaka arobaini na kitu bila kulifikiria hili mpaka mama yake aliponiambia, kwa ukali kidogo, "Mjomba mtu, wewe unasema tu asome popote. Popote ndiyo wapi?"

Nimelifikiria pia kwa upande wa darsa. Msahafu mzima umo kwenye simu ya kila mtu, kwa sauti ya msomaji unayemtaka, na tafsiri ya Kiswahili chini yake. Umo kwa miaka mingi sasa. Je, darsa za baina ya Magharibi na Isha zimekufa? Nenda msikiti wowote wa Wete uangalie. Watu wamekaa mkeka mmoja, wengine simu mkononi wakifuatisha aya, na sheikh yuko mbele. Wamekuja kwa sababu ukikosea kusoma mtu anakusahihisha, na kwa sababu jirani yako amekuja, na kwa sababu nyumbani ungelala. Hatukuwahi kusema msikiti uvunjwe kwa kuwa msahafu umeingia simuni. Ikija maktaba, tunasema haraka haraka.

Wamarekani wenyewe, ambao kijana wetu anawataja kila sentensi ya tatu, walilifanyia jaribio. Septemba 2013, San Antonio katika jimbo la Texas, walifungua maktaba ya umma iitwayo BiblioTech ambayo haina hata kitabu kimoja cha karatasi. Vyote ni vya kidijitali. Ungetegemea waweke tovuti tu, basi. Walijenga jengo, wakapanga viti na kompyuta, wakaweka wafanyakazi, wakaanza kuazimisha vifaa vya kusomea kwa asiye navyo. Mwaka 2015 wakafungua ya pili, na hiyo wakaipeleka ndani ya makazi ya watu wa kipato kidogo, mlangoni kwao. Waliofuta karatasi hawakuthubutu kufuta mlango. Nao umeme wao haukatiki ovyo, si sawa na sisi.

Nimetaja umeme. Hapa sitachimba sana, kila mtu ana kumbukumbu zake. Wenzetu wa Unguja hawajasahau Disemba 2009, waya wa chini ya bahari ulipoharibika wakakaa gizani kiasi cha miezi mitatu, na sisi Pemba, kwa mara moja katika historia, tukiwaonea huruma kutoka kwenye majenereta yetu ya dizeli. Tarehe 12 Mei 2024 zikakatika nyaya za intaneti, EASSy na Seacom, zote mbili siku moja, na nchi nzima tukawa tunazungusha simu hewani kama tunatafuta redio. Siku ile vitabu vya mpwa wangu vyote vilikuwa salama salimini, havina kasoro hata moja, mahala ambapo yeye hawezi kufika.

Hata wakubwa hupatwa. Miswada ya zamani ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ilipigwa picha kwa mradi wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, kazi nzuri sana, naisifu. Oktoba 2023 mitandao ya British Library ikavamiwa na wahalifu wa kompyuta, na kwa miezi mingi huduma zao nyingi za mtandaoni, pamoja na picha za miswada yao, zikawa hazifunguki. Vyumba vyao vya kusomea London vilibaki wazi, watu wakaingia wakakaa. Na miswada yenyewe ilikuwa Lamu, imetulia, haina habari ya London.

Sasa, kijana wetu asije akadhani nataka tujenge kasri. Kinachonivutia mimi zaidi ni kitu kidogo sana. Ipo programu ya bure inaitwa Kiwix, inaweza kuibeba Wikipedia nzima bila intaneti. Unaitia kwenye kompyuta ndogo ya kiasi cha pakiti ya sigara, pamoja na vitabu vya bure na mitihani ya nyuma, kompyuta hiyo inatoa Wi-Fi yake yenyewe, na mwenye simu yoyote anajiunga bila senti ya bando. Paneli moja ya sola na betri vinaiendesha. Waya wa baharini ukikatika, yenyewe haijui.

Ila ile Wi-Fi haifiki mbali. Kuta mbili za matofali, imekwisha. Yaani maktaba ya kidijitali iliyo rahisi kuliko zote, inayomfaa masikini kuliko zote, ina mipaka kama kiwanja: lazima uende ukakae karibu nayo. Nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu. Teknolojia imetuzungusha, imeturudisha kwenye chumba chenye viti.

Chumba hicho huenda tayari tunacho. Chake Chake kuna maktaba, lakini Wete hadi Chake ni kilomita 30 hivi, na nauli ya gari ya 606 kwenda na kurudi kila siku hapana mzee atakayeitoa kwa ajili ya kusoma tu. Nazungumzia vyumba vilivyo karibu, vya skuli, vya vituo vya walimu, vya shehia, ambavyo vimejengwa, vimepakwa rangi, vimezinduliwa, na vimefungwa.

Ijumaa iliyopita nilimchukua mpwa wangu nikampeleka kwenye kimojawapo. Sitasema kipi, maana tatizo lake ni la vingi. Tulifika saa tano na nusu. Mlango una kufuli. Mama muuza maandazi aliyekaa kivulini akatwambia ufunguo uko kwa mtu mmoja, na mtu huyo ataswali Ijumaa halafu atakwenda kuzika. Tukangoja. Tukala maandazi. Saa nane kasorobo akaja, mwenyewe mpole, udongo wa makaburini bado uko kwenye viatu vyake, akatutaka radhi akafungua.

Ndani kompyuta nane zimefunikwa vitambaa kama maiti, mbili ndizo zinazowaka. Feni moja. Meza ndefu ya mbao, imara, ina vumbi. Mpwa wangu hakuigusa hata kompyuta. Alifuta meza kwa kiganja, akaweka simu ya mama yake, iliyozimwa laini ili upatu na Maskati visiingie, akaweka daftari pembeni, na akafungua kitabu cha Kemia alichokuwa amekishusha jana yake. Mimi nilikaa upande wa pili. Nilimuona akichora, akifuta, akichora tena. Mara moja akamuuliza yule bwana kitu kuhusu chumvi na asidi, na yule bwana, ambaye kumbe alisomesha sayansi zamani, akavuta kiti. Mada iliyomlaza mlangoni siku tatu ilikwisha kwa saa moja na dakika chache.

Saa tisa na nusu yule bwana akasimama, akaanza kuzima feni na kufunga madirisha, moja moja, taratibu, kama mtu asiyependa kufukuza wageni. Mpwa wangu akakusanya vitu vyake.

"Kesho mnafungua saa ngapi, maalim?"

"Kesho Jumamosi, mwanangu. Hatufungui."