Heri Rubani Mwenye Mlango

Nimeendesha basi kati ya Mbeya na Dar es Salaam kwa miaka mingi, na nimeshakubali kwamba abiria huzaliwa na saa ya siri kifuani. Kwenye tambarare za Usangu, ambako barabara imenyooka na hata mimi natamani mtu wa kupiga naye soga ili nisisinzie, basi zima hulala midomo wazi. Nikianza tu kuteremka Kitonga, ndipo kila mmoja anapokumbuka kwamba ana neno na dereva.

Kitonga si mahali pa maongezi. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni korongo, na malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa mwendo wa kinyonga. Dereva anayejua kazi huingiza gia ndogo kabla ya mteremko na kuiacha injini ilizuie basi, kwa maana anayekanyaga breki mfululizo huzichemsha mpaka zikagoma kushika. Kazi hiyo hufanywa na masikio kuliko macho, na masikio yenyewe ndiyo ambayo abiria huyataka.

Ndiyo maana nawaonea wivu marubani. Tangu mwaka 1981, Marekani ina kanuni inayowakataza marubani wa ndege za abiria kuzungumza au kufanya lolote lisilohusu kazi wakati wa kuruka na kutua, chini ya futi 10,000, na baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 waliongezewa mlango usiopenya risasi. Futi 10,000 ni mita 3,000 na ushee. Barabara yangu haifiki kimo hicho popote, kwa hiyo kwa hesabu za Wamarekani ningestahili kimya kutoka stendi hadi stendi. Badala yake nina kibandiko cha "Usizungumze na dereva", ambacho abiria hukisoma kwa sauti, kisha akaniuliza kama ni marufuku kweli.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kona kali, lori la mafuta likinijia huku limekula robo ya upande wangu, nikahisi kitu cha moto kikinigusa sikio la kushoto. Ilikuwa simu. Nyuma yake alisimama mama mmoja, mkono mmoja kwenye kiti changu, kitenge kikimteleza.

"Kaka dereva, samahani, mume wangu haamini kwamba tumefika Kitonga. Hebu mwambie wewe."

Mzee wa kiti cha mbele, ambaye tangu Mafinga alikuwa akinifundisha kazi kwa sababu aliwahi kuwa utingo wa lori enzi za vita vya Kagera, akadakia: "Mwambie upesi, kisha upunguze gia." Gia nilikuwa nimeshaipunguza kitambo.

Kiwiko cha mama kilikuwa kimekiziba kioo cha pembeni, na niliona njia fupi ya kumwondoa ni kumtimizia haja yake. Nikasema, "Tuko Kitonga."

Upande wa pili palikuwa kimya, halafu sauti nzito ikauliza, "Wewe ni nani?"

"Dereva."

"Dereva gani anazungumza na simu kwenye mteremko wa Kitonga, na mke wangu yumo humo?" Akakata.

Lori lilinipita kwa nafasi ya kiganja. Mama alinishukuru sana, akarudi kiti chake.

Tulipofika Ruaha Mbuyuni, kabla wauza vitunguu hawajanyanyua hata fungu moja, trafiki alitoka kivulini akanipungia mkono. Alikuwa na namba ya gari na alikuwa na kosa: raia mwema amepiga simu kuripoti kwamba naendesha huku nikizungumza na simu. Nilimweleza habari nzima, mama, kitenge, mume, na nikaona usoni mwake kwamba amewahi kusikia hadithi bora zaidi. Akanitaka nitoe shahidi.

Nikageuka. Basi zima lilikuwa limelala midomo wazi, na mama wa simu alikuwa amejifunika kitenge hadi utosini. Mzee peke yake ndiye aliyekuwa macho. Alijikohoza, akainama dirishani kwa heshima zote.

"Afande," alisema, "huyu kijana nilimwambia mapema apunguze gia."