Mheshimiwa Mtarajiwa, Hiyo Sio Kazi Unayoomba

Kuna karatasi imebandikwa kwenye kila nguzo ya stima kuanzia stendi ya boda mpaka msikitini. Kijana wa watu kavaa koti la buluu na tai, mkono kauweka kifuani kama anayeimba wimbo wa taifa, na chini yake ahadi tano. Shule mpya ya sekondari. Kituo cha polisi. Lami kwenye barabara kuu. Vitambulisho kwa vijana bila usumbufu. Na ya tano, kwa herufi kubwa: MABADILIKO YA KWELI.

Anagombea u-MCA, yaani uwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti.

Nne za kwanza ni kazi ya serikali kuu. Ya tano sijui ni kazi ya nani. Tumekuwa na serikali za kaunti hapa Kenya tangu 2013, tumeshapiga kura za wadi mara tatu, na bado mtu anasimama mbele yetu kuomba kazi ambayo hajui ni kazi gani. Ungemwajiri mpishi anayekuahidi kukutengenezea gari?

Jedwali la Nne la Katiba halikufichwa. Ya kaunti yameandikwa: zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, maji, kilimo, taka, barabara zetu za mashinani. Na hata hayo, MCA hayajengi yeye. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, vifungu vya 8 na 9, inamtaka atuwakilishe, atunge sheria na aimulike serikali ya gavana, kisha inamkataza kuingiza mkono kwenye utendaji. Kwa hiyo yule anayesema "nitajenga", ama hajasoma, ama amesoma na anatuona sisi ndio hatujasoma. Sijui lipi baya zaidi.

Sasa nije kwenye linaloniuma, na hapa mtanivumilia.

Pale sokoni kwetu kuna dada anauza nyanya na pilipili. Kila asubuhi anakata tiketi kabla hajauza hata fungu moja. Mvua ikinyesha, anapanga nyanya juu ya gunia katikati ya tope, kwa kuwa paa halipo, na choo ni cha kuomba kwa mwenye hoteli ya chai. Nilipomuuliza habari za huyu mgombea, alicheka. "Shoga, huyu angalau katupa leso. Yule aliyepo hata salamu hatupi."

Nikamuuliza, hiyo tiketi unayokata, unajua bei yake hupangwa na nani? Akaniambia, "Si hawa askari wa kaunti?"

Hapana, mama. Askari anatumwa tu. Ada ya soko, leseni ya duka, ada ya kuegesha gari, zote hutoka kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti, na sheria hiyo hupitishwa na bunge la kaunti. Waheshimiwa ndio wanaoinua mikono. Anayekuletea leso leo ndiye kesho ataketi kwenye kiti cha kuzunguka, chini ya kiyoyozi, aseme "ndiyo" tiketi yako ipande. Ile leso utakuwa umeilipia wewe mwenyewe, fungu kwa fungu, miaka mitano.

Hapo ndipo ningetaka mgombea aanzie. Aje na kitabu cha bajeti, tena kile kinene, aniambie: ukurasa huu, soko lenu lilitengewa kiasi hiki, na paa liko wapi? Makadirio ya bajeti lazima yafike bungeni kufikia 30 Aprili kila mwaka, na mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni. Katikati ya tarehe hizo mbili ndipo maisha ya wadi yetu yanapoamuliwa. Sheria ya fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti kila robo mwaka kuonyesha pesa zimetumikaje. Ripoti hizo ni za bure. Ziko mtandaoni. Zisome, mheshimiwa mtarajiwa, utakuta safari zipo, posho za vikao zipo, dawa za zahanati zinasubiri.

Mwambie mgombea wako akutajie kamati moja tu ya bunge la kaunti anayotaka kuketi, na kwa nini. Akibabaika, umeshapata jibu lako. Muulize atapigaje msasa watu wa gavana, maana mawaziri wa kaunti hawaapishwi mpaka bunge liwaidhinishe. Hata gavana mwenyewe hoja ya kumng'oa huanzia kwa MCA; Wambora wa Embu alionjeshwa hayo 2014, Waititu wa Kiambu na Sonko wa Nairobi 2020. Kiti hiki kina meno. Tunampa mtu meno, yeye anakwenda kugawa unga.

Haya, najua mtaniambia nini. Kwamba ni sisi wapiga kura tunaowaharibu. Kweli, nakubali, ingawa sipendi. MCA hupigiwa simu saa nane usiku kuna mgonjwa, hakuna gari. Mwili uko mochari, bili haijalipwa. Arusi, karo, jeneza, mwanasheria wa kijana aliyekamatwa. Asiyetoa anaitwa mchoyo, na mchoyo hachaguliwi. Lakini mwenye mshahara wa MCA akigharamia mazishi ya wadi nzima, pesa nyingine anazitoa wapi? Fikiria hilo polepole, kisha ukumbuke nani anapata tenda ya kuchonga barabara. Na gari la wagonjwa, nikumbushe, ni kazi ya kaunti. Angelidai bungeni likanunuliwa, likawekwa mafuta, asingepigiwa simu usiku.

Kuhusu digrii: sijali. Ninawajua wenye shahada mbili ambao Hansadi, kumbukumbu ya yanayosemwa bungeni, haina hata neno lao moja.

Kuhusu wanawake: wadi ni 1,450 nchi nzima na viti vya kupigiwa kura bado vimejaa wanaume, halafu dada akijitokeza huambiwa "ngoja uteuzi wa chama". Ateuliwe kwani ni karani?

Kuhusu chama: mgombea huru anaruhusiwa na Katiba, msitishwe na wimbi la chama.

Tunapiga kura 10 Agosti 2027, bado muda upo. Nilimtumia kijana wetu ujumbe kwa nambari iliyo kwenye ile karatasi, kwa heshima zote, nikamuuliza ana mpango gani na ada ya soko. Msaidizi wake akanijibu kwamba mheshimiwa yuko ziarani mashinani, nitume jina na nambari ya kitambulisho niwekwe kwenye orodha ya kina mama. Nikauliza orodha ya nini. Mpaka naandika haya, alama mbili za buluu zipo, jibu hakuna.