Dawa ya kubeti haiwekwi kwenye chai ya mtu

Magrupu ya WhatsApp yamejaa matangazo ya unga wa kuacha kubeti. Kijiko kimoja kwenye chai ya mume asubuhi na jioni, "hatajua chochote", na baada ya wiki mbili mikeka ataisikia kwa jirani. Wauzaji ni walewale wa unga wa kuacha pombe, wamebadilisha lebo tu. Hao tumewazoea. Kinachokera ni toleo jipya la kisomi: mtu kasikia Uingereza wanatibu uraibu wa kamari kwa kidonge kiitwacho naltreksoni, basi anashauri ndugu waitafute, waisage, wamtilie mhusika.

Kasikia nusu. Mwongozo wa Januari 2025 wa NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba huko Uingereza, unaitaja kweli, lakini kwa mtu ambaye tiba ya mazungumzo haikumtosha, tena chini ya wataalamu. Marekani, FDA, mamlaka yao ya dawa, haijaidhinisha dawa yoyote kwa ajili ya kamari. Naltreksoni waliipitisha kwa uraibu wa afyuni (heroini, mofini na jamii yake, tramadoli ikiwemo) mwaka 1984 na wa pombe mwaka 1994.

Sasa huko kutilia kwa siri. Naltreksoni hukalia vipokezi vya afyuni kwenye ubongo na kuzuia kingine kisikae. Ndiyo njia inayodhaniwa kupunguza ule msisimko wa kuweka dau. Lakini kama kijana unayemtilia anameza tramadoli kwa siri yake (na usiniambie hao hawapo vijiweni), au yuko kwenye methadoni, afyuni wanayopewa walioacha heroini, afyuni hiyo inang'olewa kwa mkupuo. Arosto ambayo ingemjia polepole inamvamia siku hiyohiyo: kutapika, kuhara, kutetemeka, maumivu mwili mzima. Wengine hulazwa. Ndiyo maana daktari hudai siku 7 hadi 10 bila afyuni yoyote, na zaidi kwa aliyekuwa kwenye methadoni. Halafu agongwe na bodaboda: mofini ya kawaida haitamtuliza, daktari wa zamu hataelewa kwa nini, na mgonjwa hawezi kumweleza kwa sababu na yeye hajui! Anayeitumia kwa hiari hubeba kadi inayosema hivyo, na huisimamisha siku 3 kabla ya upasuaji uliopangwa. Huyo wa chai atabeba kadi gani?

Kwa anayekubali mwenyewe, mpangilio haufichiki. Kwanza vipimo vya ini, ALT na AST, na virudiwe akiendelea na dawa. Kisha nusu kidonge, mg 25, baada ya chakula, halafu mg 50 kwa siku. Kichefuchefu cha siku za mwanzo ndicho kinachowakimbiza wengi, kwa hiyo aambiwe mapema. Kuongeza dozi si ujanja. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa 2008, watu 77 kwa wiki 18, wenye mg 100 na 150 hawakuwapita wenye mg 50. Waliofikisha angalau mwezi bila kucheza walikuwa karibu wanne kati ya kumi, dhidi ya mmoja kati ya kumi kwa waliopewa vidonge vitupu, visivyo na dawa ndani. Ni faida nzuri, ila hesabu na wale sita. Dalili za kufaa zaidi zimeonekana kwa wenye hamu kali, na kwa wenye historia ya ulevi katika familia. Anayecheza ili arudishe mkopo wa simu bado ana mkopo wa simu.

Haya, nikubali moja, kwa shingo upande: wenye unga wana mashuhuda wa kweli. Kwenye majaribio ya kamari, hata waliopewa vidonge vitupu hupata nafuu kwa wingi wa kushangaza. Na ukianza kumtilia Juni, ligi zimesimama, utaapa kapona.

Dawa za sonona zitibu sonona. Kwa kamari yenyewe matokeo yake yanapishana mno.

Swali ambalo haligharimu hata shilingi, na haliulizwi, ni hili: tayari anameza nini? Mzee ambaye hajawahi kununua hata tiketi ya bahati nasibu anaanza kubeti usiku kucha miezi kadhaa baada ya kuanzishiwa pramipeksoli au ropiniroli kwa ugonjwa wa Parkinson. Familia inasema karogwa, au uzee. Dawa hizo huiga dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na mwendo wa mwili na raha, na kamari ni athari yake inayojulikana. Aripiprazoli nayo, inayotumika kwa skizofrenia, FDA iliitolea tahadhari hiyohiyo Mei 2016. Mara nyingi hamu huondoka dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa, ila afanye hivyo daktari. Kuikata ghafla nyumbani kuna balaa lake. Kwa hiyo siku ya kliniki zibebwe dawa zote anazotumia, pamoja na zile za maumivu alizonunua bila cheti, na swali la tramadoli aulizwe akiwa peke yake, mama yake akiwa nje.